Mrejesho: Kilimanjaro kwa Northern Circuit, tulienda Februari

Habari zenu wadau, mimi ndo yule niliyeuliza mwezi gani mzuri kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Northern Circuit, ile ndefu inayozunguka upande wa kaskazini, km 90 hivi, siku 9, nikawa nasita kati ya Februari na Agosti. Asanteni sana, mlinisaidia mno.

Nilimsikiliza yule aliyesema Februari baridi sio kali kama Agosti na watu sio wengi, na kweli upande wa kaskazini kuanzia kambi ya Moir Hut mpaka kambi ya Third Cave tulitembea kukavu kabisa, saa zingine hatukutani na mtu, asubuhi mawingu yako chini yetu na tambarare ya Kenya inaonekana yote aisee nilitokwa machozi. Ushauri wa kupanga usiku wa kileleni uangukie mbalamwezi nao ulikuwa dhahabu, tochi tuliwasha kidogo tu.

Kilichogoma ni tarehe. Mliniambia nisivuke katikati ya Februari, ila likizo ya kaka ilichelewa tukaanza safari geti la Londorossi mwezi unaisha, sasa siku ya kushuka kwa njia ya Mweka mvua ikatupiga msituni masaa manne, tope mpaka magotini. Na kaka kichwa kilimuuma sana akaishia Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, mita 5685, akashushwa salama. Mimi nilifika Uhuru, kileleni kabisa.

Anayepanga Februari awahi wiki mbili za mwanzo, na koti la mvua asiliache hata kama ni kiangazi.