Mdakaji wa akiba kwenye besiboli ya zamani alikuwa anapata namba kweli?

kipa_wa_isevya: Wakuu za jioni, niko Tabora. Mi ni kipa namba mbili timu ya mtaani, msimu mzima nasugua benchi. Juzi jamaa kaja na mpira wa besiboli tukawa tunarushiana chini ya miembe, nikaudaka mkono mtupu, aisee ule mpira ni jiwe, kidole cha kati kimevimba hata tonge la ugali nalikata kwa shida. Sasa nasikia wadakaji wa Marekani, wale wanaokaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira wa mrushaji, zamani walidaka hivyohivyo. Je yule wa akiba alikuwa anacheza au ndo kama mimi?

mzee_ujiji: Pole mdogo wangu. Alikuwa anacheza, tena sana, na sababu ni hicho kidole chako. Kuanzia 1881 mpaka 1892 mstari wa mbele wa mrushaji ulikuwa futi 50 tu toka kwa mpigaji, halafu 1884 National League, ligi kubwa ya kule, ikaruhusu kurusha mkono ukipita juu ya bega, hebu fikiria spidi yake. Kinyago cha nyaya cha kukinga uso kilikuwepo tangu 1877 ila glavu nene zilichelewa, wengine walivaa glavu nyepesi za ngozi, na kinga za miguu ndo kabisa, mdakaji Roger Bresnahan alianza kuzivaa 1907. Mkono mmoja hauwezi kuhimili hayo kila siku, kwahiyo leo anadaka huyu kesho yule, na siku hadaki anapelekwa pembeni kule kukimbizia mipira kwa sababu timu zilikuwa na watu wachache.

binti_kigoma: Naongezea, msome Moses Fleetwood Walker. Yeye hakuwa wa akiba lakini ndo utaelewa kazi yenyewe. Mtu mweusi, 1884 aliichezea timu ya Toledo mechi 42 kwenye ligi kubwa, karibu zote akiwa mdakaji. Mrushaji wake Tony Mullane alikuja kukiri mwenyewe kwamba Walker ndo mdakaji bora aliyewahi kucheza naye, lakini kwa kuwa ni mweusi alikuwa anapuuza ishara zake na kurusha anavyotaka. Yaani unaomba mpira huu unaletewa ule, na mkononi huna kitu! Hilo linaniuma mpaka leo. Mdogo wake Weldy naye aliitwa mwaka huohuo akacheza mechi chache, baada ya hapo ligi kubwa haikuwa na mweusi anayejulikana hadi Jackie Robinson 1947.

kipa_wa_isevya: Duh, kudaka bila kujua unakuja wapi... Asanteni sana. Kidole nimekifunga pamoja na cha jirani yake, kesho jioni nipo mazoezini.