Fundi wa vigae anatishia kuiwekea nyumba yangu lieni (Minnesota)

Mama Wawili
Hamjambo. Niko Brooklyn Park. Tulikarabati bafu la juu kwa dola 21,600. Kontrakta nimeshamlipa 18,600, zimebaki 3,000. Jana, 27 Juni, imekuja barua ya rejista kutoka kwa fundi wa vigae: kontrakta hajampa hata senti katika 4,200 zake, na asipolipwa ataweka lieni, deni liandikwe kaunti juu ya nyumba yangu. Kontrakta nikimpigia, simu inaita tu.

Kinachoniuma ni kwamba fundi huyu namjua. Alianza 28 Aprili, akamaliza 9 Mei. Alikuwa anapiga magoti pale kwenye shawa mpaka saa mbili usiku, akipitisha kidole kwenye kila mstari kati ya vigae kuona kama umeshika. Nilimpa chai ya maziwa, akaomba ya pili. Jamani, nilipe kazi moja mara mbili?

Baba Paa
Pole sana dada, mimi yalinikuta kwenye paa. Hizo 3,000 usimpe kontrakta. Sheria ya Minnesota inakuruhusu kuzishika mpaka siku 120 baada ya kazi kuisha, ila akikuletea hati zilizosainiwa na mafundi wake kwamba wameachilia lieni. Au umlipe fundi mwenyewe, ukate kwenye bei. Kabla ya barua hii, fundi alikupa ilani yoyote ya maandishi kwamba asipolipwa anaweza kuweka lieni? Alitakiwa akupe ndani ya siku 45 tangu aanze.

Mama Wawili
Hakuna. Nimepekua mpaka droo za jikoni.

Baba Paa
Basi siku zake za kutoa ilani ziliisha 12 Juni. Tena, pesa ulizomlipa kontrakta kabla ya kupata ilani hutolewa kwenye kile mafundi wanachoweza kudai juu ya nyumba. Kwa hesabu yako zimebaki 3,000, si 4,200. Lakini barua usiidharau. Ana mpaka 6 Septemba kuandikisha lieni, na ikishaandikwa, hata kama ni mbovu, utakwama siku ya kuuza au kubadilisha mkopo. Lipia saa moja ya wakili wa mambo ya ujenzi.

Fundi Umeme
Dada, nami nimeshadhulumiwa hivyo na kontrakta. Fundi huyo hataki nyumba yako, anatafuta kodi ya mwezi. Mpigie, mwonyeshe nakala za cheki zako. Mpe hizo 3,000, lakini kwanza asaini kuachilia lieni yote, halafu mwandikie kontrakta kwamba umekata. Zile 1,200 zinazobaki, fundi amdai kontrakta. Kama kontrakta ana leseni, jimbo lina mfuko wa fidia kwa wenye nyumba, ila lazima upate hukumu ya mahakama kwanza.

Mama Wawili
Nimezungumza na fundi. Alinyamaza kidogo nilipomtajia 18,600, kisha akasema hakujua kama nimelipa kiasi hicho. Amekubali 3,000. Wakili anaipitia hati leo, Jumamosi tunasaini. Kabla ya kukata simu akaniuliza kama kona ya shawa imepasuka popote. Nikapanda kuangalia. Haijapasuka.