Nyumba 120 juu ya vinyungu vyetu, na udongo wa majitaka wameupima OKTOBA!

Kamwene wakuu. Nina hasira na sitaificha.

Kuna kampuni inataka kujenga nyumba 120 za kuuza kijijini kwetu huku mkoani Iringa, kwenye kilima kilicho juu ya vinyungu vyetu, yaani bustani zetu za mboga za bondeni. Nyumba sizikatai, vijana wanahitaji vibarua na kina mama watauza chakula saiti. Shida yangu ni majitaka. Niliposikia ripoti ya mazingira ipo ofisi ya kijiji nikaenda kuiomba nikakaa nayo kutwa nzima, na sehemu ya majitaka ni kurasa mbili tu, wakati geti na bustani za maua vimepewa sita!

Wanasema kila nyumba itakuwa na septiki tenki na shimo lake la kufyonza, basi. Sasa piga hesabu, nyumba 120, weka watu watano watano, kila mtu atumie lita 80 kwa siku, hizo ni lita 48,000, na karibu zote zinaishia ndani ya kilima hichohicho kila siku ya Mungu. Na septiki haisafishi maji jamani, inatuliza uchafu mzito tu ubaki chini, maji yanayotoka bado yana vimelea na kinachoyachuja ni udongo. Yaani mpango wote umeegemea udongo.

Huo udongo wameupimaje? Mashimo matatu, yote kileleni, mwezi wa kumi. Oktoba ardhi yetu imepasuka nyufa mpaka kidole kinazama, ukimwaga ndoo ya maji inapotea hujageuka. Mvua huku inaanza Novemba mwishoni au Desemba, inapiga mpaka Aprili, na huu ni mfinyanzi, huuhuu tunaofyatulia tofali, ukishashiba haumezi tena. Afu wameandika "udongo unapitisha maji vizuri".

Kilichoniumiza zaidi ni ramani. Kijito kipo, wamechora na mita zao 60 za kutojenga kando ya maji za sheria ya mazingira ya 2004, ila wamepima kutoka pale maji yanapopita kiangazi, chepuchepu inayotanuka masika haipo. Na chemchemi HAIPO kabisa, chemchemi ambayo shangazi yangu anachota tangu hajaolewa, watoto wa shule wanapita pale kunywa. Hakuna aliyewauliza wanaochota. Kijito chenyewe kinaingia Ruaha Mdogo, na nyie wa Iringa mjini maji yenu yanavutwa mto huohuo pale Ndiuka, kwahiyo msiseme haya ni ya kijijini.

Mashimo yakijaa eti gari la kunyonya litakuja. Kwa barabara ipi? Machi hapa hata bodaboda anashuka anasukuma.

Nilisimama mkutanoni nikauliza haya, mtaalamu wao akanijibu "mzee wangu, hayo ni mambo ya kitaalamu". Mimi nalima kinyungu pale mwaka wa 31, figiri na chainizi mnazokula nyumbani zinatoka pale, tunazimwagilia kwa maji hayohayo, na mtoto akiharisha mimi ndo nambeba kwenda zahanati.

Sasa jana jioni na vijana wawili tumechimba shimo pale kwenye mteremko inapotakiwa kukaa safu ya chini ya nyumba, kina kama cha kwao, tukalijaza maji. Leo saa tatu asubuhi yamo vilevile, na mvua ya usiku imeongezea juu. Picha nimepiga.

Tunataka warudie kupima sasa hivi Februari, kileleni na bondeni, wachore chemchemi, na kama udongo umekataa walete mabwawa ya kutibu majitaka au wapunguze nyumba. Mkutano ni Jumamosi. Mwenye uzoefu wa kuandika pingamizi la ripoti ya mazingira anielekeze hapahapa namna ya kuliandika na wapi linapelekwa, barua lazima iwe tayari Ijumaa.