Tanga: kazi ipo, mtu yupo, mlikutanaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naanza na yangu.

Nimechomelea mageti Makorora miaka kumi. Liliposikika bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, nikasema hapa sasa. Kwenye mtihani wa kupata kazi ya kuchomelea nikakuta kipande cha bomba kimefungwa mshazari, nyuzi 45, na ruhusa ya kukizungusha huna. Geti mimi nalilaza, nalipindua nitakavyo. Pale ikabidi nijikunje chini yake, cheche zinaniingia shingoni. Wakakata kipande changu, wakakikunja, kikapasuka palepale nilipounga. Kijiweni tukalalama wenyeji tumeachwa, ila ule ufa niliuona kwa macho yangu.

Tukachanga watu saba, elfu kumi kila wiki, tukamwomba mzee mmoja mstaafu atufundishe Jumamosi. Mabomba tulinunua kwa wauza vyuma chakavu. Mara ya pili tulipita wanne. Sikuajiriwa kwenye bomba lenyewe, niko kwenye matangi ya maji, na silalamiki.

Leteni zenu.

Mdau wa Pongwe: Mie umeme nimejifunzia kwa mjomba, cheti sina. Nikaenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji ujuzi: wanakupima kwa vitendo, wanakufundisha pale ulipopungukiwa tu, unapata cheti. Ada niliimudu. Shida ilikuwa zile siku usizoingiza kitu, bila maandazi ya mke wangu ningeacha.

Mdau wa Mwanzange: Hongereni, ila wengine tumeliwa muda. Ulikuja mradi wa bure, wasichana ishirini wote tukafundishwa ushonaji. Mtaa mmoja, mafundi cherehani ishirini! Nani amshonee nani? Wakati huohuo nyumba ya wageni jirani inatafuta mpishi kwa mwezi wa pili mfululizo. Hakuna aliyepita kuuliza kabla.

Mdau wa Chongoleani: Kwetu mwenyekiti wa mtaa alifungua daftari. Mkandarasi alipotaka wapishi sita, alionyeshwa majina kumi na moja. Wakakwama kwenye vipimo vya afya, mama lishe wetu wengi hawakuwa navyo. Tukakodi Noah moja, wakaenda wote siku moja, nauli tumechangia majirani.

Mleta mada: Dada, hilo daftari liliandikwa nini hasa? Nataka kulianzisha huku kwetu.

Mdau wa Chongoleani: Jina, simu, kazi unayoijua. Na nani ameshakuona ukiifanya, kaka. Hapo ndipo wengi walipofutwa.