Mrejesho: mkate wa atta wenye sukari kidogo, Nakuru

Niliuliza kwa nini mkate wangu wa atta (unga wa ngano wenye pumba) unaumuka vizuri kwenye mashine ya kuoka mkate kisha unabonyea katikati, na kama naweza kupunguza sukari. Asanteni, umekubali! Aliyetaja mwinuko alilenga: Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, unga uliokandwa unaumuka kupita kiasi kabla mashine haijaanza kuoka, kisha unabonyea. Nimepunguza hamira kwa robo. Kwa gramu 400 za unga naweka sukari kijiko kimoja cha chai tu. Hamira hujipatia chakula kutoka wanga wa unga wenyewe. Maji naongeza kidogo, pumba zinakunywa sana. Ganda halipati ile rangi ya kahawia, lakini Mama, mwenye kisukari, halalamiki. Na nyinyi mliopendekeza asali badala ya sukari: hiyo nayo ni sukari, jamani.