Walimu mliopitia kemo, mlirudije ubaoni?

Mwalimu wa Hesabu, Kisumu
Walimu wenzangu, salamu. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa ndiyo naanza kemo ya saratani ya matiti, nikafundisha kidato cha tatu kwa WhatsApp: napiga picha swali kwenye daftari, narekodi maelezo kwa sauti nikiwa kitandani. Sauti ikikwaruza nawaambia ni mafua. Wenye bando walisonga mbele. Wasio na simu nyumbani ndio wananikosesha usingizi kuliko hata vipimo.

Sasa Januari shule zinafunguliwa. Nywele zimeanza kuota, lakini paklitaxeli, dawa mojawapo ya kemo, imeniachia ganzi vidoleni; chaki inaponyoka hata siisikii. Mlifanyaje? Na wigi je?

Mama Pendo
Pole dada, na hongera. Ganzi mwambie daktari wako, usiivumilie kimya kimya. Yangu ilipungua polepole sana, nyayo zikawa za mwisho. Chaki izungushie selotepu inenepe. Mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aandike, wewe eleza ukiwa umekaa.

Jogoo la Shamba
Omba vipindi vya asubuhi, mwalimu. Mke wangu alirudi na ratiba nzima, saa nane mchana akawa hoi. Uchovu ule haufanani na wa kawaida, na mkuu wa shule hawezi kuuona usipomwambia.

Mwalimu wa Hesabu, Kisumu
Selotepu imeshika! Kesho naenda kwa mkuu kuhusu ratiba.

Mama Pendo
Wigi kwa joto la Kisumu? Funga kilemba, dada.