Mrejesho: nilienda kwa mshauri, na bado naomba

Wapendwa, niliwauliza kama Mkristo kutafuta tiba ya sonona ni kukosa imani. Nimeenda. Kikao cha kwanza nililia tu, Biblia nimeikumbatia kifuani. Mshauri akanisogezea tishu, akasubiri. Imani yangu hakuigusa. Aliuliza nalala saa ngapi, nakula nini. Nikamkumbuka nabii Eliya, 1 Wafalme 19: chini ya mretemu (kichaka cha jangwani) aliomba afe, malaika akamwamsha ale mkate, anywe maji. Akalala tena, akaamshwa ale tena. Mara mbili!

Daktari ameniandikia dawa; nafuu huchukua wiki kadhaa, na nisiziache ghafla. Mchungaji wangu (niliyemwogopa kuliko wote) aliniombea, kisha akauliza kikao kijacho lini. Ni Alhamisi. Usingizi umeanza kurudi.